Gemu Letu Halikuwa na Mama

Mwanangu Kabula,

Umetoka hapa saa nne asubuhi kwenda kusukwa, na kwa ninavyomjua msusi wako, kila rasta moja anaisindikiza na habari tatu za mtaa wetu wa Kawajense, kwa hiyo hutarudi kabla jua halijapoa. Nimekaa mezani. Begi lako liko mlangoni, limeshafungwa kamba. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari lako la kidato cha pili, nisamehe kwa hilo. Yapo mengine ya kunisamehe, hili ndilo jepesi.

Mambo ya chuo, ya kula, ya kulala, ya marafiki na ya wanaume, shangazi yako Anastazia amekwishakuambia yote, na mengine amekuambia mara tatu huku ameshika mwiko. Sina cha kuongeza. Naandika kwa sababu Jumapili uliniuliza swali nikakujibu uongo, na kesho unapanda treni ya Tabora ukiwa nao. Swali lenyewe ukimwambia mtu atacheka. Uliniuliza kama gemu jipya limelifikia la zamani.

Nianze na hicho kigemu. Uliporudi kutoka Sitalike, baada ya miezi minane ya kupokea wageni kwenye ile nyumba ya kulala wageni, nilitegemea uje na simu mpya au viatu. Ukaja na kitu kimefungwa kwenye kanga, ukaniambia, "Baba, fumba macho." Nikafumba. Nilipofumbua nikaona kitu kama redio ndogo yenye kioo katikati, na ndani ya kioo yupo yule binti wetu wa gemu la zamani, koleo lake begani, ndege wake juu ya koleo. Nilishindwa kusema. Mimi Zakaria, ambaye nusu ya Mpanda walinijua kwa jina la DJ Mfereji kwa sababu maneno hayakunikauka mdomoni, nilishindwa kusema.

"Wamelitengeneza upya," ukasema. "Lile lile, baba, ila la mkononi. Kuna mgeni alikuwa nalo, nikamng'ang'ania mpaka akaniuzia. Sasa tutalimaliza."

Tutalimaliza. Hilo neno liliniingia vibaya, na wewe ukadhani ni furaha imenizidi.

Ngoja nikueleze nilivyoliona, maana hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulikoanzia, na mpaka sasa hakujaisha. Maji yanameta. Kwenye la zamani maji yalikuwa vipande vya bluu vinavyotetemeka, na tulikubali kuwa ni maji kwa sababu binti akiingia anatembea polepole. Sasa unaona hadi mawe chini. Uso wa binti una macho na kope, na ukimsimamisha muda mrefu anapiga miayo. Zamani alikuwa na nukta mbili tu, na kwa nukta hizo sisi tulimwona analia, anacheka, ana njaa. Yale madude ya kwenye tope, ambayo niliwaambia watoto wote wa mtaani kwamba ni viboko wa mto Katuma waliolaaniwa, sasa yanaonekana wazi kabisa kwamba si viboko. Yana pembe. Kile kisima cha giza kilichokufanya ukojoe kwenye benchi wamekiwekea mwanga. Kuna mshale unakuonyesha njia. Na linaseva lenyewe! Unakumbuka tulivyokuwa tunakimbilia jiwe la kuseva kabla umeme haujakatika, wewe unapiga kelele, "Baba, jiwe! Baba, jiwe!" na mara nyingi umeme unatuwahi? Sasa hakuna jiwe. Unazima, ukiwasha uko pale pale.

Kila kitu ni bora. Nilikuwa nimekishika kigemu mbali na uso, kwa ajili ya haya macho yangu, natafuta kinachonikera na sikipati. Siku ya kwanza nililichukia. Siku ya pili nikajikuta nacheka peke yangu kwa sababu ndege amejifunza kulala kwa mguu mmoja. Siku ya tatu nikalichukia tena. Sikujua nalilaumu gemu au najilaumu mwenyewe, na ukiniuliza sasa hivi bado nitakuna kichwa.

Kuna jambo la kazi yangu ya zamani ambalo hulijui vizuri, kwa kuwa ulipata akili ukaikuta ipo, ukaiona ya kawaida. Watu walikuja bandani kwetu kuangalia filamu za ng'ambo, na hakuna aliyejua lugha yake. Kazi yangu ilikuwa kushika maiki, kupunguza sauti ya filamu wanapoongea, kuiongeza wanapopigana, na kusema kwa Kiswahili kile wanachosema. Siri ni kwamba na mimi sikujua wanachosema. Nimeishia darasa la saba pale kijijini kwetu Mamba, na Kiingereza changu kilikuwa cha njoo, nenda na samahani. Nilikuwa nasoma mabega. Mtu akiinua mabega, ameulizwa swali hana jibu. Akigeuka haraka, kuna mapenzi yamevunjika. Akigeuka taratibu, anakwenda kulipiza kisasi. Ukikosea hakuna wa kukusahihisha, wote mko gizani pamoja.

Kosa moja tu ndilo hawakusamehe, nalo ni kunyamaza. Pumzi mbili tu za kimya, benchi la nyuma linaanza: "Mfereji umekauka!" Mwingine anadakia, "DJ kalala huyo, nyie mwamsheni!" Kwa hiyo nilijifunza kutoacha nafasi. Pakiwa kimya, natia neno. Lolote litakalokuja. Nilifanya hivyo miaka kumi na miwili, Kabula, na mtu hawezi kufanya kitu miaka kumi na miwili kikabaki kazini. Nilikuja nacho nyumbani.

Lile gemu lilikuja pamoja na mashine yake iliyochakaa, ndani ya mfuko mmoja na diski nyingine kibao. Watoto walitaka la mpira. Lile la binti halikuwa na wateja, ndani yake watu wanaongea sana, tena kwa maandishi tu. Likawa letu, mimi na wewe, asubuhi kabla watoto hawajatoka shule. Ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuwa ameondoka wiki tatu kabla, na wewe ulikuwa umeacha kuniuliza, jambo lililonitisha kuliko ulipokuwa unauliza.

Unakumbuka linavyoanza. Bonde zima limefurika, kuna milango mitano ya kuyafungulia maji, na juu ya mnara wa mlango wa kwanza amesimama mwanamke. Anapunga mkono, kisha anageuka, anaondoka. Chini yanatokea maandishi. Ulikuwa umekaa kwenye paja langu, pedi ya kuchezea umeishika kwa mikono miwili, ukauliza, "Baba, yule nani?"

Nilisoma mabega. Mwanamke, anapunga mkono, anaondoka. Tulikuwa wawili tu bandani, lakini mkono wangu ulikwenda kwenye maiki.

"Ni mama yake," nikasema.

"Anaenda wapi?"

"Amechukuliwa na Mfalme wa Tope. Anasema, mwanangu, nisubiri, nitarudi."

Ukaminya kitufe kimoja cha pedi. Kisha ukauliza bila kunitazama, "Kama mayu?"

Mayu ndivyo ulivyomwita mama yako, kwa Kisukuma cha kwao. Ikapita pumzi moja, ikapita ya pili.

"Kama mayu," nikasema.

Sikukaa nikapanga, nakuapia. Lilitoka kama yalivyotoka maneno mengine yote. Lakini kuanzia asubuhi ile uongo wangu ulitoka kwenye TV ukaja kukaa na sisi. Ukaanza kula vizuri. Ukaanza kulala. Ukawa unawaambia wenzako kwamba mama yako kashikwa na Mfalme wa Tope na kwamba mkifungua milango yote mitano atarudi, nao wakakuamini, kwa sababu hadithi ilikuwa imesemwa na DJ Mfereji. Mimi nilikuwa nakuangalia nikajiambia, mbona dawa imefanya kazi.

Halafu kulikuwa na mlango wa nne. Kila tulipofika pale picha iliganda, binti mguu mmoja hewani, kwa sababu diski ilikuwa na mkwaruzo. Tuliipangusa kwa kitambaa, kwa dawa ya meno, kwa mafuta ya kupaka, ikaganda. Ulilia mpaka kwikwi ikakushika. Nilikuambia diski nyingine haipatikani, si Sumbawanga wala Tabora. Sikuwahi kuitafuta, Kabula. Sikumuuliza hata mtu mmoja. Ule mkwaruzo ulikuwa rafiki yangu, maana bila huo ningetakiwa kumleta mama.

Sasa njoo Jumapili. Ulikuwa umekaa pale kwenye kiti cha shangazi yako, kigemu mkononi, unanisomea. Kiingereza chako cha Sitalike kimenishangaza. Unasoma, unanyamaza, unafikiri, ndipo unasema kwa Kiswahili, na huongezi neno. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nasikiliza kama mteja wa benchi la mbele. Mlango wa nne ukafunguka kirahisi kama mlango wa jikoni. Wa tano ukafunguka. Maji yakatoka bondeni, watu wakarudi kwenye mashamba yao, binti akakaa juu ya ukuta na ndege wake, likaisha. Yakaanza kupita majina ya waliolitengeneza. Ulisubiri hadi jina la mwisho. Najua ulichokuwa unasubiri. Una miaka ishirini, umesoma, una akili kuliko mimi, na bado ulisubiri.

"Baba," ukasema, "humu hamna mama. Mwanzo mpaka mwisho, hamna."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikasema, "Wamemtoa. Hao waliolitengeneza upya wamemtoa."

"Kweli?"

"Kwenye la zamani alikuwepo. Si tulimwona?"

Ukanitazama. "Kwa hiyo jipya halijalifikia la zamani?"

"Hata robo," nikasema. "Wameliharibu. Ngoja nikaangalie kuku."

Kuku hatuna tangu kideri kiwamalize, na wewe unajua, ndiyo maana ulicheka kidogo. Hukuuliza tena. Tangu siku hiyo unaniangalia mabega tu.

Mama yako hakuchukuliwa na mtu, mwanangu. Aliondoka mwenyewe kwa miguu yake, mchana, na sababu ni mimi.

Miaka ile tulikuwa Mamba kwa wazazi wangu. Mimi nilikuwa tayari na homa ya mjini, nakwenda Mpanda narudi, shambani sikanyagi. Mama yako Milembe alilima mpunga peke yake, wewe ukiwa mgongoni, na ulipokuwa mkubwa wa kutembea ukiwa kwenye jaruba pamoja naye. Alipandikiza, alipalilia, alikesha akifukuza ndege. Ukoo wake walikuja huku na ng'ombe kutoka kaskazini, na walimcheka kwamba ameolewa na Mpimbwe asiye na hata mkia mmoja wa ng'ombe, kwa hiyo mpunga ule ulikuwa jibu lake kwao. Mwaka mmoja ulijaa chumba. Nikamwambia niupeleke Mpanda, niuhifadhi mpaka bei ipande. Akakubali. Akaniamini, na alishona magunia kwa mkono wake.

Niliuza wote. Nikanunua TV ya kichogo, deki, jenereta, maiki, mabenchi, na ile mashine ya gemu. Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia banda likishachangamka, atafurahi. Yeye akapanda lori kuja kuangalia mpunga wake. Alifika mchana banda limejaa, akasimama mlangoni, wewe umemshika mkono. Akauliza, "Zakaria, mpunga uko wapi?"

Nilikuwa na maiki mkononi, na haikuwa imezimwa. Watu wote wakageuka. Palikuwa kimya, na unajua sasa nilivyokuwa nafanya pakiwa kimya. Nikasema kwenye maiki, "Mpunga umegeuka picha, mama, karibu uutazame!"

Banda zima likacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko naona aibu ya kulala chini. Mama yako hakulia wala hakutukana. Alikutoa nje, akakukalisha kivulini, akaanza kukupa maji. Alikaa na mimi mwaka mmoja zaidi, akauza maandazi kwenye mlango wa banda lililokula mpunga wake. Mwaka mzima nilikuwa na nafasi ya kumwambia nimekosa, kila asubuhi, hatua tatu tu kutoka nilipokaa. Nilimtania. Nilimnunulia kitenge. Nilisema kila kitu isipokuwa hicho. Siku alipoondoka alitaka kwenda na wewe, nikamkatalia, nikaita wazee wa upande wangu tu, wakanipa haki.

Hapo ningeishia ningekuwa mwanaume mjinga tu, na wajinga ni wengi. Lakini kuna hili. Ulipokuwa darasa la tatu alikuja. Alishuka treni akaja moja kwa moja bandani, wewe uko shule. Alikuwa amekonda. Akasema, "Nataka nimwone mtoto."

Nikamwambia, "Mtoto hataki kukuona. Anasema ulimtupa."

Hujawahi kusema hivyo. Asubuhi ile ile uliniuliza kama Mfalme wa Tope huwa analala, ili mama apate nafasi ya kutoroka. Nilikutafsiri na wewe, mwanangu. Nilikuwekea maneno mdomoni kama nilivyowawekea wale watu wa kwenye filamu, na yeye akaamini, maana nina sauti ya kuaminika. Alilala kwa ndugu yake, kesho yake akarudi Kaliua alikohamia. Aliacha begi. Lile la bluu lenye zipu mbili ulilolipenda mpaka likatoboka, nililokuambia nimekununulia mimi. Ulinikumbatia kwa ajili ya begi lile. Nilikubali kukumbatiwa.

Alikuja tena ulipomaliza la saba. Nikamwambia vile vile. Hakuja tena.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimekaa na hili swali siku nne na jibu langu ni fupi, halina hata sura ya jibu. Niliogopa. Ukiwa na wazazi wawili ungechagua mwenye haki, na nilijua si mimi.

Jumatatu, ulipokwenda kuchukua cheti chako cha kuzaliwa, nilikichukua kigemu. Nilitaka kuhakikisha. Usinicheke, lakini nilikuwa nimeanza kujiamini mwenyewe. Nilikwishasema wamemtoa, na nilivyolala juu ya hilo neno nikaanza kuona huenda kweli wamemtoa, huenda kwenye la zamani alikuwepo kweli na mimi niliotea bila kujua. Nikalianzisha upya. Mnara ukatokea, mwanamke akatokea. Kumbe sasa anaongea. Zamani yalikuwa maandishi tu, sasa amepewa sauti yake mwenyewe, nzito kidogo, ya mtu mzima aliyechoka. Kidole changu kilitafuta kitufe cha kupunguza, kwa mazoea. Nikakizuia.

Nilisikiliza mara ishirini pengine. Nikaandika maneno yake moja moja kutoka kwenye kioo, nikatoa kamusi yako ya shule, nikayatafuta. Ilinichukua hadi adhuhuri. Unataka kujua anasema nini? Wewe ulishamsoma Jumapili, najua, ila hukunitajia, ulipita haraka ukijua nimekaa pale. Anasema: zungusha gurudumu kushoto, polepole, usilazimishe.

Basi. Ni mlinzi wa mlango, zamu yake imekwisha, anamwelekeza binti namna ya kuufungua. Anapunga mkono kwa sababu anakwenda nyumbani kupumzika. Nilicheka, Kabula. Miaka yote ile nimewaliza watoto wa Kawajense kwa maelezo ya kuzungusha gurudumu! Nilicheka mpaka Anastazia akatoka jikoni kuniangalia, na alipotoka akanikuta sicheki tena.

Jibu la swali lako, basi. Je, jipya limelifikia la zamani? Nimejaribu kuwa mkweli na bado nababaika. La kulinganishia sina. Mashine ilikufa, ile TV shangazi yako anawekea cherehani, diski sijui iliishia wapi. Nikilikumbuka la zamani sikumbuki picha, nakumbuka sauti yangu na kichwa chako chini ya kidevu changu. Hilo hakuna fundi wa ng'ambo atakayelitengeneza upya, na si kosa lake. Lakini kwa kile kilichokuwa kwenye diski yenyewe, ndiyo, limelifikia. Limetengenezwa kwa heshima. Hawakumtoa mtu. Niliwasingizia watu nisiowajua ili nisikutazame usoni. Kisima tu wangekiacha na giza, hapo sirudi nyuma, hata ukinipigia simu kubishana. Na jiwe la kuseva ninalikumbuka, sijui kwa nini, maana lilitutesa.

Unakwenda kusomea uuguzi. Watakuja watu kwako wameumwa, utawauliza, nao watanyamaza. Sijui unavyofundishwa kufanya. Najua mimi ningefanya nini, ningewajazia. Wewe una ile pumzi yako ya kufikiri kabla ya kusema, niliisikia Jumapili. Hukuitoa kwangu.

Leo ulipotoka tu kwenda saluni, nilikwenda mnadani nikamtafuta mjomba wako, yule kaka wa mama yako anayeuza ng'ombe. Aliniangalia muda mrefu kabla hajanipa namba ya simu ya mama yako. Nikarudi, nikakaa hapa nilipokaa, nikapiga. Alinijua kwa neno la kwanza. Akanyamaza.

Nilihesabu pumzi. Zilipita zaidi ya mbili, zaidi ya kumi. Ulimi wangu ulikuwa unawasha, nina utani, nina visingizio, nina pole ya kila namna, vyote vimejipanga mlangoni. Sikutia neno. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Mtoto mzima?" akauliza mwishoni.

Nikamwambia u mzima. Nikamwambia kwamba hukuwahi kusema humtaki, hata siku moja, kwamba yale yalikuwa maneno yangu. Nikamwambia kuhusu mpunga, kwamba nilikosa, kwa maneno hayo hayo mawili matatu bila kuyapamba. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme. Nikamwambia kesho unapita Kaliua kwa treni, unakwenda chuo Tabora.

"Behewa la ngapi?"

"La tatu."

Nikamuuliza, "Milembe, nimwambie nini?"

"Wewe Zakaria usimwambie kitu," akasema. "Nitasema mwenyewe."

Akakata. Ndipo nikachana daftari lako.

Mwanzoni nilitaka kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute umeshafika Tabora, mimi niko mbali. Nilikuwa nimeshafungua kamba na zipu. Kisha nikakumbuka kwamba utakuwa umeshapita Kaliua. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi, na rasta zako mpya, kabla hujala. Soma hapa hapa mbele yangu ukipenda, au nenda nayo nyuma ya nyumba. Ukitaka kunipigia kelele, piga. Ukitaka kutosema nami mpaka kesho, nitabeba begi lako mpaka stesheni nikiwa nyuma yako, na sitatia neno.

Ujue niliogopa kukupoteza na bado naogopa. Nilikupenda vibaya lakini nilikupenda. Kigemu nabaki nacho kama ulivyosema. Niko mlango wa pili, nasoma na kamusi.

Treni ikisimama Kaliua, usishuke kama hutaki, dirishani panatosha. Atakuwepo. Ni mrefu, husimama mkono mmoja kiunoni kama wewe ukikasirika. Akipunga mkono, mwanangu, mimi sijui anasema nini. Muulize.

Baba yako,
Zakaria